Kosa la Saa, na Jinsi ya Kulijua

1. Kengele ya reli

Katika shule moja ya milimani palikuwa na kengele iliyofanyizwa kwa kipande cha reli, nacho kilining'inizwa katika tawi la mti mkubwa. Mzee mlinzi ndiye aliyeipiga. Kila ulipofika wakati wa kuingia darasani aliitazama saa yake ya mkononi, akaokota chuma chake, akaipiga ile reli, na sauti yake ikasikika hata ng'ambo ya bonde.

Mwaka mmoja wanafunzi wawili, mtu na dada yake, waliazimu kutengeneza saa ya umeme itakayopiga kengele yenyewe. Kaka alikuwa katika Darasa la Saba, na dada katika Darasa la Sita. Walipata bodi ndogo yenye kipande cheusi cha kuhesabia, na vitu vingine wakavitoa katika redio mbovu waliyopewa na fundi wa sokoni. Waliunganisha nyaya kwa lehemu, wakaandika programu, yaani maagizo ambayo kifaa huyafuata moja baada ya moja, kisha wakaitia saa yao katika sanduku la mbao. Siku ya kwanza ilipiga kengele saa mbili kamili asubuhi, na wenzao wakashangilia.

Siku ya pili ilichelewa dakika nane na nusu. Siku ya tatu ilichelewa dakika kumi na saba.

Mwalimu mkuu aliwaita, akawaambia, "Kazi yenu ni njema, nami naisifu. Walakini mitihani iko karibu. Mtoto akipunjwa dakika nane za mtihani, hakuna mtu awezaye kumrudishia. Kwa hiyo mzee ataendelea kuipiga reli, mpaka saa yenu itakapokaa siku 30 bila kuguswa, nayo isikosee zaidi ya sekunde 5."

Kaka alihuzunika. Tangu siku ile akawa anaamka mapema kila asubuhi, akairekebisha saa kwa siri kabla mtu hajaitazama, ili ionekane kuwa ni ya kweli. Dada yake hakupendezwa na jambo hilo. Jioni moja alimwendea mzee mlinzi, akamwamkia, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, je, saa yako haikosei kamwe?"

Mzee akacheka. "Hukosea, mjukuu wangu. Huchelewa dakika moja kila juma, wala haijaiacha tabia hiyo tangu nilipoinunua. Nami nimeijua tabia yake. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, redio itangazapo saa, naisogeza mbele dakika moja. Saa isiyokosea sijaiona bado. Nimeona saa ambayo kosa lake lajulikana, na saa ambayo kosa lake halijulikani. Hizo ndizo saa mbili zilizoko duniani."

Maneno ya mzee yule ndiyo msingi wa somo hili.

2. Mpigaji na mhesabuji

Kila saa, iwe ya zamani au ya siku hizi, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitu kiendacho na kurudi kwa mwendo ulio sawa daima. Ya pili ni kitu kihesabucho mwendo huo. Mfano wake ni mama atwangaye mahindi, na mtoto aketiye kando ya kinu akihesabu mapigo ya mchi. Mama akipiga pigo moja kila sekunde, mtoto afikapo 60 atajua ya kuwa dakika moja imepita. Lakini mama akichoka, mchi utapunguza mwendo, na dakika ya mtoto itakuwa ndefu kuliko dakika ya kweli. Tena mtoto akiruka pigo moja katika hesabu yake, kosa litaingia ijapokuwa mama hakukosea. Basi saa yaweza kukosea kwa njia mbili: ama mpigaji hakupiga sawa, ama mhesabuji hakuhesabu sawa.

Katika mwaka 1656 Mholanzi mmoja aitwaye Christiaan Huygens alibuni saa ambayo mpigaji wake ni timazi, yaani uzito ulioning'inizwa ukipembea huku na huku. Katika saa za umeme za siku hizi mpigaji ni kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi. Mchanga mwingi wa mito ni punje za jiwe hilo. Katika mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kuwa kwatzi ikibanwa hutoa umeme kidogo. Na mwaka uliofuata walithibitisha ya kuwa ikitiwa umeme hujikunja kidogo. Kwa hiyo umeme ukitiwa na kuondolewa upesi upesi, jiwe hutetemeka, na mtetemo wake ni wa sawasawa mno. Katika mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake J. W. Horton, waliofanya kazi katika maabara ya Bell huko New York, walitengeneza saa ya kwanza ya kwatzi.

Kwatzi ya saa ndogo hukaa ndani ya kibati chembamba, urefu wake kama punje ya mpunga. Jiwe lenyewe limekatwa kwa umbo la panda la manati, na mikono yake miwili hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mtu aweza kuuliza, "Kwa nini hesabu hiyo ngeni?" Sababu yake ni hii: mhesabuji wa umeme hupenda kugawanya kwa mbili. Gawanya 32,768 kwa mbili, upate 16,384; gawanya tena, upate 8,192; kisha 4,096; kisha 2,048; kisha 1,024. Endelea hivyo hivyo, na baada ya kugawanya mara 15 utapata moja, yaani pigo moja kwa sekunde. Kuanzia hapo kazi ni nyepesi: mapigo 60 ni dakika, dakika 60 ni saa, na mapigo 86,400 ni siku nzima.

3. Makosa makubwa

Fundi wa sokoni alipoitazama saa ya watoto wale, aliona makosa mawili kabla hata hajaishika.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpigaji. Bodi yao haikuwa na kwatzi. Ilikuwa na kitetemeshi cha kauri. Vitetemeshi hivyo ni vya bei nafuu, navyo hutiwa katika bodi nyingi za kujifunzia, kwa kuwa vyafaa kuwasha taa au kuzungusha mota. Lakini vyaweza kukosea hata sehemu 5 katika kila 1,000. Maneno "sehemu 5 katika 1,000" yasikika kuwa madogo. Yahesabu basi: siku ina sekunde 86,400, na sehemu 5 katika 1,000 za hizo ni sekunde 432, yaani dakika 7 na sekunde 12 kila siku.

Kosa la pili lilikuwa la mhesabuji. Watoto walikuwa wameandika programu hivi: "Ngoja sekunde moja, ongeza moja, andika saa katika taa, rudi mwanzo." Maagizo hayo yaonekana kuwa sawa, lakini kuandika saa katika taa nako kwataka muda. Muda huo ulikuwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, walakini haukuhesabiwa na mtu. Ni kama yule mtoto wa kinuni, ambaye kila baada ya pigo huinama kuokota punje iliyoruka, na kumbe mchi haukumngoja. Kwa njia hiyo saa ilipoteza sekunde 86 kila siku. Jumlisha 432 na 86, upate 518, nazo ni dakika 8 na sekunde 38. Ndiyo sababu ya kuchelewa dakika nane na nusu.

Dawa ya kosa la kwanza ilikuwa kununua kwatzi. Dawa ya kosa la pili ilikuwa kumwacha mhesabuji ahesabu mitetemo bila kusimama, mchana na usiku, na kumwamuru mwandishi amwulize tu, "Umefika wapi?" Afanyaye kazi ya kuhesabu asipewe kazi nyingine ya kumchelewesha.

Liko na kosa la tatu, nalo huwapata watengenezaji wengi wa Afrika ya Mashariki. Mhesabuji huanza hesabu yake usiku wa manane, lakini watu wa nchi hizi huanza kuhesabu jua lichomozapo. Saa ya umeme ikionyesha 8 asubuhi, watu husema saa mbili. Atakaye saa yake iseme kama watu wasemavyo na atoe 6. Na kama hesabu haitoshi kutolewa 6, aongeze 12 kwanza. Hivyo 3 ya usiku huwa 15, ukitoa 6 wabaki 9, nayo ndiyo saa tisa usiku. Kosa hili si la jiwe wala la umeme, bali la mwenye kuandika.

4. Makosa madogo yadumuyo

Watoto walipokwisha kutia kwatzi na kuiandika programu upya, saa ilikwenda vizuri. Siku ya kwanza jicho halikuona kosa lolote. Kaka akasema, "Tumemaliza." Dada akasema, "Tungoje kwanza, kaka. Babu alisema kila saa ina kosa lake. La saa yetu hatujalijua bado."

Alisema kweli. Kwatzi ya kawaida yaweza kukosea sehemu 20 katika milioni. Hizo ni sekunde 1.7 kwa siku. Lakini kwa mwezi wa siku 30 ni karibu sekunde 52, na kwa mwaka mzima ni zaidi ya dakika 10. Kosa la namna hii halichoki wala halipumziki. Leo halionekani, na mwisho wa mwaka litamfanya mtu aachwe na basi.

Kosa hilo hutoka wapi? Kwanza, hakuna mkataji awezaye kukata mawe mawili yawe sawa kabisa. Pili, kando ya jiwe aghalabu hutiwa vikapasita viwili vidogo, vishikavyo umeme kidogo mno. Mtengenezaji wa jiwe husema kipimo kinachotakiwa. Kikizidi, jiwe hutetemeka polepole, na kikipungua, hutetemeka upesi. Hata waya mrefu kati ya jiwe na mhesabuji, au uchafu wa lehemu ulioachwa katika bodi, au unyevu wa masika, huweza kugeuza mwendo wake. Kwa hiyo fundi mwangalifu huliweka jiwe karibu kabisa na mhesabuji, husafisha bodi, wala haligusi jiwe kwa kidole wakati wa kupima.

5. Joto na baridi

Jambo jingine ni joto. Jiwe lenye umbo la panda hukatwa hivi kwamba hutetemeka kwa upesi wake wote joto liwapo nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Joto likizidi hapo, jiwe hupunguza mwendo. Na baridi ikizidi, hupunguza mwendo vile vile. Watu wengi hudhani kwamba kama joto huichelewesha saa, basi baridi itaiharakisha, lakini sivyo. Jua kali na baridi kali, vyote viwili huichelewesha saa ya namna hii.

Tofauti ikiwa nyuzi 10, saa hupoteza karibu sehemu 3.4 katika milioni, nazo ni sekunde 9 hivi kwa mwezi. Tofauti ikiwa nyuzi 20, hupoteza sehemu 13.6 katika milioni, nazo ni sekunde 35 hivi kwa mwezi. Angalia vema: tofauti ikiongezwa mara mbili, kosa huongezeka mara nne. Kwa hiyo saa mbili zilizo sawa kabisa, moja ikiwekwa Tanga karibu na bahari na nyingine Lushoto penye baridi, hazitapatana. Ile ya Lushoto itabaki nyuma kidogo kidogo.

Basi saa isitundikwe dirishani penye jua, wala chini ya mabati yenye moto, wala karibu na kitu kitoacho joto. Ukuta wa ndani, penye kivuli mchana kutwa, ndio mahali pake. Siku hizi vyapatikana vipande vya saa ambavyo vina kipimajoto ndani yake, navyo hujisahihisha vyenyewe. Kipande cha namna hiyo, katika joto la kati ya nyuzi 0 na 40, hakikosei zaidi ya sehemu 2 katika milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Lakini hata hicho kina kosa.

6. Shahidi wa saa

Mtu hawezi kuijua saa yake kwa kuitazama yenyewe. Hutakiwa shahidi aliye bora kuliko hiyo. Mashahidi ni wengi, na kila mmoja yafaa ajulikane tabia yake.

Shahidi wa kwanza ni redio. Tangu tarehe 5 Februari 1924 redio ya BBC hutoa milio sita kuitangaza saa ya Greenwich. Milio mitano ni mifupi na wa sita ni mrefu, na saa kamili ni pale mlio wa sita uanzapo, si pale uishapo. Lakini anayesikiliza redio kwa njia ya intaneti asiitumaini milio hiyo, maana sauti yaweza kumfikia imechelewa sekunde kadhaa njiani.

Shahidi wa pili ni umeme wa nyumbani. Katika Afrika ya Mashariki, kama katika Ulaya, umeme huo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na watu wengine hutengeneza saa ihesabuyo mwendo huo. Shahidi huyu ana tabia ya kwenda polepole mitambo ikielemewa na kwenda upesi mzigo upunguapo, walakini wenye mitambo huweza kuyasawazisha mambo baadaye. Katika mwaka 1656 hapakuwa na shahidi wa namna hii, na hata leo si wa kutumainiwa peke yake. Kuanzia katikati ya Januari 2018 hata mapema Machi, kwa sababu ya ugomvi wa umeme kati ya Serbia na Kosovo, umeme uliotiwa katika nyaya ulikuwa pungufu kuliko uliotumiwa. Mwendo ukashuka, wastani wake ukawa 49.996 badala ya 50. Nani angeliona pungufu dogo kama hilo? Lakini katika nchi 25 za Ulaya, saa za majiko na za kando ya kitanda zilizouhesabu umeme huo zilichelewa karibu dakika 6. Zilichelewa zote pamoja, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo mtu aliyeulinganisha wakati wake na wa jirani mwenye saa kama yake hakuona kosa lolote. Mashahidi wawili waliofundishwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Shahidi wa tatu, aliye bora kuliko hao wote, ni setilaiti za GPS, zizungukazo dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Ndani yake zimo saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefasiriwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya madini iitwayo sizi. Kipokezi kidogo cha GPS, kikiwekwa mahali pa wazi chini ya mbingu, hutoa pigo moja kwa kila sekunde, na kosa la pigo hilo ni chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

7. Jinsi ya kupima na kusahihisha

Watoto walichagua kipokezi cha GPS cha fundi kuwa shahidi wao, na fundi akakubali kuwaazima kila walipohitaji. Dada alifungua daftari, akapiga mistari, akaandika tarehe katika safu ya kwanza na kosa katika safu ya pili. Asubuhi ya kwanza waliiweka saa sawa na shahidi. Tangu hapo waliagana kutoigusa.

Baada ya siku 10 saa ilikuwa nyuma sekunde 22. Mkono wa kaka uliwasha kwa hamu ya kuirekebisha. Dada akamwambia, "Kaka, ukiirekebisha leo utakuwa umeufuta ushahidi wetu." Wakaiacha. Baada ya siku 20 ilikuwa nyuma sekunde 44. Sasa walijua jambo kubwa: katika siku 10 za kwanza ilipoteza 22, na katika siku 10 za pili ilipoteza 22 vile vile. Kosa lilikuwa lile lile. Gawanya 44 kwa 20, upate sekunde 2.2 kwa siku.

Kwa nini walingoja siku 20, wasipime siku moja tu? Kwa sababu mkono wa mwanadamu nao una kosa. Mtu abonyezaye kitufe asikiapo mlio aweza kuchelewa sehemu 3 za kumi za sekunde. Akipima kwa siku moja, kosa hilo lote litaingia katika hesabu ya siku ile. Akipima kwa siku 20, kosa hilo hugawanywa kwa 20, likawa karibu si kitu. Mwenye subira hupata hesabu safi kuliko mwenye mikono mepesi.

Kisha wakasahihisha. Waligawanya 86,400 kwa 2.2, wakapata 39,273. Maana yake, kila zipitapo sekunde 39,273 saa huwa imepoteza sekunde moja. Basi wakaandika katika programu: "Kila ukihesabu 39,273, ongeza moja." Muda huo ni saa 10, dakika 54 na sekunde 33. Hawakulibadilisha jiwe wala hawakulikemea. Waliijua tabia yake wakaihesabu, kama mzee alivyofanya kila Jumapili.

8. Saa iliyovuka bahari

Haya si mambo ya watoto tu. Zamani mabaharia waliweza kujua umbali wao kutoka ikweta kwa kutazama jua na nyota, lakini kujua wamekwenda umbali gani mashariki au magharibi kulikuwa kugumu sana. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo baharia mwenye saa ishikayo wakati wa nyumbani aweza kuulinganisha na wakati wa jua la mahali alipo, akajua alipo. Lakini penye ikweta sekunde moja tu ya kosa ni karibu nusu kilomita, na dakika moja ni karibu kilomita 28. Katika mwaka 1707 manowari nne za Uingereza, ambazo wakuu wake hawakujua sawasawa mahali walipo, ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, na zaidi ya watu elfu moja wakafa maji. Katika mwaka 1714 bunge la Uingereza liliahidi hata pauni 20,000 kwa mtu atakayeonyesha njia.

John Harrison, mtoto wa seremala, ambaye hakusoma chuo chochote cha saa, alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Saa yake ya nne ilivuka bahari mpaka Jamaica, ikitoka Uingereza mwaka 1761 na kufika mwaka 1762.  Je, saa ile haikukosea? Ilikosea. Ilikuwa ikipoteza karibu sekunde 2 na theluthi mbili kila siku. Lakini kosa lile lilipohesabiwa na kutolewa, tofauti iliyobaki baada ya siku zote zile ilikuwa sekunde 5 tu. Wasimamizi wa zawadi walilalamika kwamba kiasi cha kosa hakikuandikwa mbele yao kabla ya safari. Katika safari ya pili, ya Barbados, mwaka 1764, kiasi hicho kilitangazwa mapema. Hivyo hata saa iliyookoa mabaharia haikuwa saa isiyo na kosa. Ilikuwa saa ambayo kosa lake lajulikana na halibadiliki.

9. Siku thelathini

Watoto waliipeleka saa yao kwa mwalimu mkuu, naye akaifunga kabatini kwa ufunguo. Kaka hakuweza kuigusa tena hata kama angetaka. Siku ya thelathini kabati lilifunguliwa mbele ya wanafunzi wote, na kipokezi cha fundi kikawekwa nje penye uwazi. Saa ilikuwa imechelewa sekunde 3.

Mwalimu akauliza, "Sekunde hizi 3 zimetoka wapi?" Kaka alijibu, "Mwalimu, tulipima kabla ya baridi kuja. Mwezi huu usiku umekuwa wa baridi zaidi, na jiwe limepunguza mwendo kidogo." Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Tena, mwalimu, hapo mwanzo nilikuwa nikiirekebisha saa kwa siri kila asubuhi. Siku zile zote sikujifunza neno lolote juu yake."

Mwalimu akasema, "Sekunde zenu 3 nimezipokea, kwa kuwa mmezieleza." Asubuhi ya mtihani kengele ya saa ile ililia kwa kuanza na kwa kumaliza, wala hakuna mtoto aliyepunjwa. Mzee mlinzi alisimama chini ya mti akiitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa Ijumaa, nayo ilikuwa nyuma karibu sekunde 40. Akazihesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Maswali

1. Kila saa ina sehemu gani mbili? Toa mfano mwingine usiokuwa wa kinu.
2. Eleza kwa nini hesabu ya 32,768 yafaa kwa saa. Andika hatua zote 15 za kuigawanya.
3. Saa ya watoto ilipoteza sekunde 518 kwa siku. Makosa mawili yaliyosababisha hayo yalikuwa yapi, na dawa ya kila moja ilikuwa nini?
4. Saa mbili zilizo sawa zimewekwa, moja mahali pa nyuzi 15 na nyingine mahali pa nyuzi 35. Je, zitapatana? Kwa nini?
5. Kwa nini mtu wa Ulaya mwaka 1718 hangeweza kupata kosa lililowapata watu mwaka 2018?
6. Saa imepoteza sekunde 36 katika siku 12. Hupoteza ngapi kwa siku? Yapasa kuongeza sekunde moja kila baada ya sekunde ngapi?
7. Saa ya mzee huchelewa sekunde 60 kila juma, naye huirekebisha Jumapili jioni. Onyesha kwa hesabu kwamba siku ya Ijumaa jioni yapata kuwa nyuma sekunde 43.
8. Kaka alijifunza nini kwa kuacha kuirekebisha saa kwa siri?

Kazi ya mikono

Chagua saa moja ya nyumbani au ya shuleni. Ilinganishe na shahidi mwema leo, kisha baada ya siku 10, kisha baada ya siku 20, wala usiiguse katikati. Andika makosa yake katika daftari, na ueleze tabia yake kwa maneno yako mwenyewe.